Mjukuu wangu anatumia ARV na damu imeshuka: nisitishe dawa?

"Mimi ni bibi, naandikiwa na mjukuu wangu mkubwa. Mdogo wake ana miaka 6, kilo 17. Alianza ARV miezi miwili na nusu iliyopita, na siku ile damu yake ilikuwa 10.1. Wiki mbili zilizopita kliniki walimtoboa kidole wakasema 8.2, wakanipa dawa ya maji ya kuongeza damu. Nampa hiyo ya maji pamoja na ARV saa 2 usiku, nisije nikasahau mojawapo. Kila siku namnywesha pia juisi ya bitiruti na rozela. Jirani ananiambia ARV ndizo zinazonyonya damu, nizisitishe mwezi mmoja kwanza damu irudi. Tunakaa karibu na mwalo wa ziwa upande wa Igombe, hapa Mwanza, mtoto anashinda majini na wenzake. Nimepangiwa kurudi mwezi ujao. Je, nisitishe ARV? Na anahitaji kuongezewa damu?"

Shikamoo bibi. Nianze na yale mawili uliyouliza. ARV usisitishe, hata kwa siku moja. Kuongezewa damu, kwa 8.2 na mtoto ambaye bado anashinda akicheza na wenzake, hakuhitajiki sasa hivi. Ila lipo jambo hukuliuliza ambalo inabidi libadilike kuanzia usiku wa leo: ile dawa ya maji isinywewe pamoja na ARV. Na mwezi ujao ni mbali. Mtoto huyu arudi kliniki wiki hii.

Hilo la kuchanganya dawa nalitanguliza kwa sababu halina dalili yoyote ya kukushtua. Watoto wengi wanaoanza ARV sasa hapa nchini hupewa dolutegravir, kwa kifupi DTG, kile kidonge kinachoyeyushwa kwenye maji. Dawa ya kuongeza damu, kwa upande wake, ni madini ya chuma. Vikikutana tumboni, chuma huikamata DTG, vikashikamana, na utumbo hauwezi kufyonza kilichoshikamana. Kinatoka na choo. Vipimo vilivyofanywa kwa watu wazima vilionyesha kuwa chuma kikimezwa pamoja na DTG tumbo likiwa tupu, zaidi ya nusu ya DTG haifiki kwenye damu. Maana yake mtoto anaweza kunywa dawa kila usiku bila kukosa, mlezi akawa amejitahidi kweli kama ulivyojitahidi wewe, na bado virusi vikapata upenyo.

Kanuni ni kwamba DTG inywewe masaa 2 kabla ya chuma, au masaa 6 baada ya chuma. Kwako njia nyepesi ni kuacha ARV pale pale saa 2 usiku alipozoea, na chuma kihamie saa 1 asubuhi. Kama asubuhi kuna haraka ya shule, mpe akirudi, ila isipite saa 8 mchana. Ikitokea siku huna namna isipokuwa kumpa vyote kwa pamoja, basi avinywe na chakula, kwa sababu tumbo likiwa na chakula DTG hupita vizuri. Kanuni hiyo hiyo inahusu vidonge vya zinki wanavyopewa watoto wakiharisha, vidonge vya kalsiamu, na multivitamini zenye madini ndani. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini ndizo mbaya zaidi: hizo hata pamoja na chakula haziruhusiwi, lazima yapite masaa yale yale. Chakula cha kawaida, yakiwemo maziwa na dagaa, hakina shida.

Sasa maneno ya jirani. Si ya kubuni. Ipo ARV moja ambayo kweli hushusha damu, na pengine jirani aliwahi kuiona kwa mtu. Chukua kopo la dawa, lipeleke kwenye mwanga, mwambie mjukuu mkubwa akusomee maandishi madogo. Unatafuta neno zidovudine, au herufi AZT au ZDV. Dawa hiyo hukandamiza uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mfupa ambayo ndiyo kiwanda cha damu. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo kila siku kuna zinazokufa na uboho unatakiwa kuziba pengo. AZT ikiuzubaisha uboho, pengo halizibwi, na Hb, yaani ile namba ya wingi wa damu, inaanza kuteremka, mara nyingi ndani ya wiki na miezi ya mwanzo. Ndiyo sababu mtoto anayeanzishiwa AZT hutakiwa kupimwa Hb kabla ya kuanza, kisha karibu na wiki ya 4, ya 8 na ya 12. Miezi miwili na nusu ya mjukuu wako inaangukia humo humo.

Ukilikuta neno hilo kwenye kopo, bado dawa ya tatizo si kusitisha. Dawa ni kubadilishiwa hiyo moja tu. Daktari huiondoa AZT na kuweka abacavir, yaani ABC, mtoto akaendelea usiku huo huo bila kukosa dozi. Ndani ya wiki chache Hb huanza kupanda. Na hapo utaelewa kwa nini dawa ya maji isingefaa kitu: kiwanda hakikukosa malighafi, mafundi ndio waliokuwa wamezuiwa kufanya kazi. Jambo moja la kulishika mtoto akihamia ABC, na linamhusu pia mtoto aliyeanza nayo: katika wiki 6 za mwanzo, akipata homa pamoja na vipele, kutapika, kikohozi au kuishiwa nguvu, na hali ikawa mbaya zaidi kila akimeza dozi, mpeleke siku hiyo hiyo. Daktari akiisitisha ABC kwa sababu hiyo, mtoto asirudishiwe tena maisha yake yote, na iandikwe wazi kwenye kadi yake.

Lakini kama kopo linasema abacavir, lamivudine na dolutegravir, ambayo ndiyo naitarajia zaidi, basi jirani amekosea. Dawa hizo ni nadra sana kugusa damu. Kinachoweza kuishusha damu ni VVU vyenyewe. Mwili unaopambana na virusi muda mrefu huficha madini yake ya chuma ghalani na kuupunguzia uboho kasi, hata chakula kikiwa kizuri. ARV zikivifubaza virusi, watoto wengi Hb yao hupanda yenyewe taratibu kwa miezi kadhaa. Ukisitisha mwezi mmoja, virusi vitarudi juu ndani ya wiki chache, vitajifunza kuishi na dawa, na damu unayoitafuta itazidi kushuka. Hata Septrini, kama anapewa kila siku, usiiondoe kwa uamuzi wako. Ni kweli ina uwezo wa kukandamiza uboho, ila mara chache, na inamkinga na maambukizi mengi. Tena inapunguza malaria.

Tuitazame sasa namba uliyoandika kama vile si kitu: 10.1 siku ya kuanza. Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 11, damu huhesabika pungufu ikiwa chini ya 11.5. Kati ya 8 na 10.9 ni upungufu wa wastani, chini ya 8 ni mkali. Kwa hiyo kabla hajaonja kidonge hata kimoja cha ARV, damu yake ilikuwa tayari pungufu. Kuna kitu kilikuwa kinaila, na huenda bado kinaila. Hata kama AZT ipo, isiwe sababu ya kuacha kukitafuta hicho kingine.

Na hiyo 8.2 nayo irudiwe. Ukitobolewa kidole, damu isipotoka vizuri mpimaji hukikamua, na kukamua huchuruzisha maji ya nyama yakaizimua damu, kipimo kikasoma chini kuliko ukweli. Kidole cha baridi ndicho kibaya zaidi. Mwombe mhudumu amkande mkono kwanza, afute tone la kwanza, asikamue. Bora zaidi ni damu ya mshipani kwa kipimo cha damu kamili, FBP, maana hicho kinatoa Hb na ukubwa wa chembe pia. Kwenye karatasi tafuta mstari wa MCV. Kwa umri wake, chini ya 77 ni chembe ndogo, na mara nyingi maana yake ni chuma kupungua. Juu ya 95 ni chembe kubwa, na kwa mtoto aliye kwenye AZT hiyo ni alama ya dawa kufanya kazi mwilini. Ukubwa peke yake si ugonjwa. Zikiwa za kawaida na Hb iko chini, tunafikiria zaidi VVU vyenyewe, malaria, kifua kikuu. Mstari huo mmoja unaweza kuokoa miezi ya kunywa dawa isiyohusika. Zahanati ikiwa haina mashine hiyo, omba rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali yenye nayo. Kwa mlio upande wa Ilemela, hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sekou Toure haiko mbali.

Umeniambia mtoto anashinda majini karibu na mwalo. Kwa mimi hilo ni nusu ya majibu. Maji ya ukingoni mwa ziwa, hasa penye magugu na konokono, yana kichocho. Kijidudu hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi wakati mtoto anaogelea. Huhitaji kuyanywa maji. Kinachotawala kandokando ya ziwa hapa Mwanza ni kichocho cha tumbo. Minyoo yake huishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na mayai yakitoboa kuta za utumbo, damu hutoka kidogo kidogo. Wakati mwingine utaiona kwenye choo, mara nyingi hutaiona. Ikikaa miaka, ini na bandama huvimba, na bandama iliyovimba huzikamata chembe za damu na kuziharibu kabla ya siku zake. Kwa hiyo mtazame tumbo akiwa amelala chali: kama limejaa upande wa kushoto chini ya mbavu, mweleze daktari. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo, dozi moja. Kwa kilo 17 inakuja kama tembe moja na robo ya zile za miligramu 600, anywe akiwa amekula ili asitapike. Haigombani na ARV zake. Ila akirudi majini kesho, kichocho kinarudi naye. Simwambii mtoto wa Igombe asiguse ziwa, najua haiwezekani. Aogee maji yaliyochotwa na kukaa kwenye ndoo siku mbili, na asikae ukingoni penye majani.

Safura, minyoo mingine ya utumbo, ni ndugu yake kichocho kwenye kuiba damu. Hii huingia kupitia nyayo, mtoto akitembea pekupeku kwenye udongo wenye kinyesi, kisha hujishikiza utumboni na kufyonza. Albendazoli miligramu 400 mara moja, na irudiwe kila miezi 6. Na kama umemkuta akila udongo, usimchape. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya chuma kupungua, na ikitibiwa huisha.

Malaria huvunja chembe zenyewe, na Kanda ya Ziwa bado inayo nyingi. Apimwe hata kama hana homa leo. Jua tu kwamba kile kipimo cha haraka kinaweza kubaki kinasoma ndiyo kwa wiki kadhaa baada ya malaria kutibiwa na kuisha, kwa hiyo kama alikunywa mseto hivi karibuni mwambie mhudumu, aangalie kwa hadubini. Alale ndani ya chandarua kila usiku, kilichochomekwa chini ya godoro.

Kuna mawili ambayo mara nyingi husahaulika. La kwanza ni selimundu, yaani sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi ulio mwingi sana kanda hii. Mtoto anaweza kuwa nayo pamoja na VVU, na kila mtu akaishia kulaumu VVU. Kama macho huwa ya njano, kama aliwahi kuvimba vidole akiwa mdogo, kama hulia mifupa inamuuma, au kuna ndugu wa tumbo moja aliyefariki na "damu kuisha", omba kipimo cha selimundu. Hubadilisha matibabu yote: mtoto wa selimundu huhitaji foliki kila siku, na chuma hapewi mpaka ithibitike kimepungua. La pili ni kifua kikuu. Miezi ya mwanzo ya ARV, kinga ikiamka, kifua kikuu kilichokuwa kimejificha hujitokeza. Kikohozi, homa za jioni, jasho la usiku, uzito kutopanda, au mtu mzima anayekohoa ndani ya nyumba: lolote kati ya hayo litajwe. Akianzishiwa dawa za kifua kikuu, DTG yake itatakiwa iwe mara mbili kwa siku, kwa hiyo wanaotibu kifua na wanaotoa ARV lazima wajue habari za wenzao.

Tukirudi kwenye chupa yako ya dawa. Kama vipimo vinaonyesha chuma kimepungua, kipimo cha kutibu ni miligramu 3 za chuma halisi kwa kila kilo kwa siku. Kilo 17 mara 3 ni 51. Ugumu uko kwenye neno "halisi". Lebo nyingi huandika uzito wa chumvi nzima, na chuma kilichomo ni sehemu tu: kidonge cha ferrous sulphate cha miligramu 200 kina chuma kama 60 hivi. Na chupa nyingi za "kuongeza damu" zinazouzwa madukani ni vitamini zaidi, chuma chake kwa kijiko ni miligramu chache tu. Mtoto atamaliza chupa tatu na hakuna kitakachosogea. Mfamasia akusomee chuma halisi kwa kila mililita 5, akupigie hesabu, akuandikie mililita ngapi, na akupe bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia. Vijiko vya jikoni vinatofautiana mno. Asukutue na anywe maji baadaye ili meno yasiingie weusi. Choo kitakuwa cheusi kama mkaa. Hiyo ni kawaida. Choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya ni damu, hiyo si kawaida.

Chuma kikiwa ndicho kilichokosekana, baada ya wiki 4 Hb itapanda angalau 1. Isipopanda, usiongeze dozi. Rudi, kwa sababu ama hainywi, ama inavuja kuliko inavyoingia, ama tatizo halikuwa chuma. Ikipanda mpaka kawaida, aendelee miezi 3 zaidi kujaza ghala. Akiwa na malaria, itibiwe kwanza. Na chupa ikae juu asikoifikia mtoto yeyote: ni tamu, na mtoto mdogo akiimaliza kwa mkupuo anaweza kufa. Nasema hivyo bila kutia chumvi.

Bitiruti haina ubaya, ila gramu 100 zina chuma chini ya miligramu 1, ukilinganisha na zile 51. Wekundu wake hauhusiani na wekundu wa damu. Tena hufanya mkojo uwe mwekundu, na mkojo mwekundu kwa mtoto wa ziwani unaweza kumpoteza daktari anayetafuta kichocho, au ukamfanya bibi adhani ni bitiruti kumbe ni damu. Acha siku 3 kabla ya kwenda kliniki. Rozela ni hivyo hivyo, isitoshe sukari inayotiwa ni nyingi. Fedha hiyo inunue dagaa. Dagaa wa Mwanza huliwa mzima, na chuma cha samaki na nyama huingia mwilini kwa wepesi kuliko cha majani. Waoshe mchanga mara tatu, wakaange bila mafuta mpaka wakauke, watwange, uchekeche. Kijiko kimoja cha chakula kwenye mboga au uji, mara mbili kwa siku. Mchicha, matembele na majani ya maboga yapikwe na yakamuliwe ndimu mezani, maana ndimu husaidia chuma cha majani kuingia. Chai ya rangi hufanya kinyume chake. Ikae mbali na chakula na dawa ya damu kwa saa nzima. Asubuhi mpe uji, chai isiwepo.

Kuhusu kuongezewa damu. Hospitalini, mtoto huongezewa bila mjadala Hb ikiwa 4 au chini. Kati ya 4 na 6 huangaliwa hali: anapumua kwa shida, amelegea, moyo umeelemewa? Utafiti mkubwa uliofanyika Uganda na Malawi, ukachapishwa 2019, ulionyesha kuwa watoto wa kundi hilo la kati wasio na dalili za hatari hawakufa zaidi kwa kusubiriwa huku wakiangaliwa kwa karibu hospitalini. Damu ya mtu mwingine ina hatari zake na huwa haitoshi kwa wanaoihitaji leo. Kwa 8.2 tafuteni sababu.

Ila namba hushuka, na kwa malaria hushuka kwa saa chache. Kila asubuhi mtoe nje penye mwanga, weka kiganja chake kando ya kiganja cha mtoto mwingine wa nyumbani. Kikizidi kuwa cheupe, kama karatasi, ni hatari. Vivyo hivyo akipumua haraka akiwa ametulia, moyo ukidunda unaonekana kifuani, akikataa kucheza na kutaka kulala tu, akizimia, akivimba miguu, akitoa mkojo mweusi kama kahawa, macho yakiwa ya njano, damu ikitoka puani au chooni, au homa kali ikija na degedege. Hapo usisubiri kukuche wala gari la asubuhi. Pikipiki, gari la jirani, chochote kilichopo, moja kwa moja hospitali, na ARV mkononi.

Kwa wiki hii, bebeni kadi ya CTC, ile ya kliniki ya VVU, makopo yote pamoja na ile chupa ya maji, na karatasi ambayo mjukuu mkubwa ameandika: tarehe ya kuanza ARV, 10.1, 8.2, tarehe ya dawa ya mwisho ya malaria na ya minyoo. Mwambieni mtoa huduma wazi kuwa kwa wiki mbili chuma na ARV vilinywewa pamoja. Hakuna wa kukugombeza, hukuambiwa. Waiandike, ili wingi wa virusi ukipimwa akifikisha miezi 6 na namba ikawa juu, wajue pa kuanzia. Kama mtoa huduma ana haraka, muulizeni haya matatu kabla hamjatoka: hii ARV ina AZT? MCV ni ngapi? Na Hb inarudiwa lini, maana kwa 8.2 isizidi wiki mbili.